Mwaka Tulioambiwa Sisi ni Mtu Mmoja

Tulimzika Maman Faida siku ya mvua, na baada ya mazishi nilimkuta Wabiwa jikoni mwa marehemu. Alikuwa amevua viatu vyake vya safari, anachambua sombe, yale majani ya muhogo, pamoja na wanawake wa jumuiya, kana kwamba hakuwahi kuondoka Bukavu. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Yeye anaishi Kampala sasa, ana ofisi yake ya kutafsiri, ana mvi pande zote mbili za kichwa kama mimi. Alinitazama, akasogea kwenye benchi, akasema tu, "Nsimire, kuya ukae." Nikakaa, nikachukua fungu la majani. Mwanamke mmoja ambaye hakutufahamu akatuuliza kama sisi ni ndugu wa tumbo moja. "Hapana, maman," Wabiwa akajibu, "siye tuko bawili. Benyewe balihakikisha." Kisha akaanza kucheka, nami nikashindwa kujizuia, tukacheka katika nyumba ya msiba hadi mjane mmoja wa jumuiya akatutolea macho. Tulitoka nje kwa aibu, tukasimama chini ya turubai. Mbele yetu, nyuma ya nyumba kubwa, kilikuwa kile chumba alichotupangisha marehemu, na mlango wake ulikuwa wazi.

Ni chumba kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Mwaka ule tuliokipanga, hapa Nyalukemba, kilitutosha kwa sababu hatukuwa na vitu. Kulikuwa na kitanda kimoja, meza moja, kompyuta moja ya Wabiwa ambayo betri yake ilikuwa imezeeka, jiko la makaa mlangoni, na ukuta wa buluu ambao Wabiwa aliupaka mwenyewe kwa rangi iliyobaki baada ya mjomba wake kupaka mtumbwi. Dirishani, kati ya mapaa mawili ya majirani, ulionekana ukanda mwembamba wa ziwa. Nilikuwa nimepoteza kazi yangu ya kusoma matangazo katika redio ndogo iliyofungwa, na Wabiwa, rafiki yangu wa chuo, mzaliwa wa Mwenga, alikuwa akitafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili kwa watu asiowahi kuwaona, kupitia mtandao mmoja ambao yeye aliuita "soko." Lilikuwa soko kweli. Kila mtu ameweka picha yake na ujuzi wake mezani, wateja wanapita, wanaangalia, wanauliza bei, wanakwenda zao. Tofauti ni kwamba pale mteja akishakutumikisha anakuwekea nyota, na nyota zile watu wote wa dunia wanaziona. Wabiwa alikuwa na nyota nzuri. Alizipata polepole, kwa kazi ndogondogo ambazo wengine walizidharau. "We uko na sauti," aliniambia siku nilipohamia na godoro langu kichwani. "Uza sauti. Kompyuta ni hii, tutatumika kwa zamu."

Basi nikafungua akaunti yangu kwenye kompyuta yake. Kwa picha, Wabiwa aliniazima blauzi yake nyeupe na zile nywele za bandia ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezivaa kwenye picha yake, akanisimamisha mbele ya ule ukuta wa buluu, akanipiga. Nilipendeza. Kisha nikangoja. Leo vijana wanaponiuliza jinsi ya kuanza kazi hizi, wanadhani nitawaeleza habari za vyombo vya kurekodia, nami nawaeleza habari za kungoja. Niliandika maombi mengi ya kazi hata nikaanza kuyaota, na mengi hayakujibiwa. Walionijibu mwanzoni walitaka niwasomee kwanza kurasa kadhaa bure, wapime sauti. Nilisoma. Baada ya kupima hawakurudi. Mwingine alitaka nishushe bei, kisha nishushe tena, kisha akanieleza kwamba amempata mtu wa bei ya chini zaidi, akanitakia baraka za Mungu. Nikifungua ukurasa wangu niliona pale penye nyota pakiwa patupu, na kila aliyepita aliona patupu palepale akaendelea na safari yake. Bila nyota hupati kazi, na bila kazi hupati nyota. Wabiwa aliniambia nivumilie, huku akinipakulia bugali.

Shida nyingine ilikuwa kelele. Sauti inauzwa ikiwa safi, na uwanja ule wa nyumba tuliyopanga haukujua kunyamaza. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa nyuma ya ua, kwaya ilifanya mazoezi nyumba ya tatu, watoto wa majirani walicheza mpira mlangoni petu kwa sababu ndipo palipokuwa na sakafu bapa. Wakati pekee wa utulivu ulikuwa Jumapili asubuhi, mtaa mzima ukiwa misani. Nilisimamisha godoro kitandani, nikaegemeza la pili ukutani, nikaingia katikati na simu yangu na kurasa, nikawa nasoma huku jasho likinitiririka. Hivyo ndivyo nilivyoacha kuonekana kanisani, na hivyo ndivyo Maman Faida alivyoanza kunitilia shaka.

Maman Faida ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Alikuwa mjane mwenye sauti nzito, aliyeuza vitenge hadi magoti yalipomkatalia, na jiko lake lilitenganishwa na chumba chetu kwa mbao tu. Tulisikia kila alichosema, na yeye, kumbe, alitusikia. Jumapili moja magoti yake yalimzuia kwenda misa. Jioni yake, tukiwa tunakula dagaa wa sambaza na mchicha wa lengalenga kimyakimya, tulimsikia akimweleza jirani yake.

"Ule mutoto Nsimire anarudilia neno moja, anarudilia, anarudilia. 'Nawa mikono kwa sabuni.' Ananyamaza kidogo. 'Nawa mikono kwa sabuni.' Mi naogopa, Maman Sifa."

"Labda alisha kuingia mu kanisa ingine."

"Kanisa gani inaombaka sabuni?"

Wabiwa alilazimika kuziba mdomo kwa kitenge. Lakini maneno yaliyofuata hayakutuchekesha. Maman Faida alisema kwamba mwezi ukiisha atatutoa, kwa kuwa hataki mambo asiyoyaelewa ndani ya uwanja wake, na kwamba anasikitika, maana yule mwingine, yule mnyamavu, ni mutoto muzuri.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuja katikati ya hayo yote. Mteja mmoja wa mbali alitengeneza hadithi za watoto za kusikiliza kwenye simu, akapenda sauti yangu. Nilisoma hadithi zote kati ya magodoro yangu, nikazituma, nikanunua nyama. Naye akampa mtu wa pwani azisikilize kabla ya kuzipokea. Baada ya siku chache, pale palipokuwa patupu pakawa na nyota moja, na chini yake maneno haya: msomaji huyu hajui Kiswahili. Niliyasoma nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimelia kwa Kiswahili, nimechumbiwa kwa Kiswahili, nimemzika baba yangu kwa Kiswahili, na sasa mtu fulani alikuwa ameninyang'anya lugha hiyo kwa sentensi moja. Naelewa leo alichokisikia: nilisema mutoto, nilisema iko pale walipotaka yupo, na katika hadithi zao nilitia mwendo wa hapa kwetu. Mteja alitaka bidhaa fulani nami nikampa nyingine. Lakini mwaka ule sikuwa na maelezo ya upole kama hayo. Nilikaa mbele ya kioo nikijifunza kusema "mtoto" kwa midomo iliyofungwa, na Wabiwa akasema nafanana na mtu aliyeumwa jino. Hivi sasa sauti yangu husikika katika matangazo ya afya kuanzia Luvungi hadi Kavumu, na wanaoyaagiza wanataka hasa huo mwendo wa hapa kwetu. Nisingeweza kulijua hilo wakati ule. Nilichojua ni kwamba kwa nyota moja ile hakuna aliyeniandikia tena.

Kisha ukaja ujumbe wa kufungiwa. Wabiwa ndiye aliyeufungua, asubuhi, kabla hata hajanywa chai. Alikuwa amefika katikati ya kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, kitabu cha mafunzo kwa wakunga, na ilibidi akikabidhi mwisho wa juma. Alisoma, akasogeza kiti, akasoma tena. "Banasema tuko muntu moja," akaniambia. Sikuelewa. Akanigeuzia kompyuta. Mashine ya lile soko ilikuwa imegundua kwamba mtu mmoja anatumia akaunti mbili, jambo ambalo ni marufuku, tena ya pili ina sifa mbaya. Akaunti zote mbili zimefungwa. Kompyuta ni moja, mtandao ni mmoja, blauzi ni moja, nywele ni zilezile, na nyuma yetu ni ukuta uleule wa buluu. Ukituangalia kwa jicho la mashine, hata mimi ningeamini.

Kilichomuumiza Wabiwa zaidi ni kwamba asingeweza hata kumwambia mteja wake chochote. Mazungumzo yao yote yalikuwa ndani ya soko, na mlango wa soko ulikuwa umefungwa. Yule mwanamke wa kile kitabu angengoja, angeona kimya, angeamini kwamba ametapeliwa na Mkongomani. Tuliandika kulalamika. Tulijibiwa papo hapo, kwa adabu, kwamba tumesikilizwa. Tuliandika tena, tukajibiwa kwa adabu ileile na maneno yaleyale. Wakaomba vitambulisho. Tukapiga picha kadi zetu za uchaguzi, zile ambazo sura hufifia zikikaa mfukoni, na sura mbili zilizotoka zilikuwa madoa mawili meusi. Chini ya kila doa iliandikwa anwani ileile. Naamini tulikuwa tumewasaidia kuthibitisha kosa letu.

Wabiwa hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akawa anapika bila kuniuliza kama nataka chumvi, analala ameuelekea ukuta. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hilohilo: kama nisingehamia na godoro langu, angekuwa anaendelea na kazi yake. Nilianza kufikiria kurudi kwa dada yangu Kavumu, kuuza mihogo barabarani.

Ndipo tukaandikiwa na mtu. Tulijua ni mtu kwa sababu alikosea jina langu. Alipendekeza tuzungumze kwa video, kwa Kifaransa, Jumatano alasiri, sote wawili tukiwepo. Jumatano ilifika na umeme haukuwepo, na betri ya kompyuta isingevumilia hata salamu. Nyumba pekee yenye umeme wa jua ilikuwa ya Maman Faida, ambaye alikuwa na betri kubwa sebuleni kwa ajili ya televisheni yake. Wabiwa hakuwa anasema nami, lakini alinitazama, na mimi ndiye niliyekwenda kubisha. Nilimweleza kila kitu pale mlangoni, sabuni, magodoro, Jumapili, nyota, wakunga. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

"Kwa hiyo ile sabuni ilikuwa kazi?"

"Ilikuwa kazi, maman."

"Na juu ya nini hukunambia?"

Kabla sijajibu akasogea kando ya mlango. "Muingie," akasema. "Lakini mi nakaa pale pale. Mu nyumba yangu habasemake na bantu mi siko."

Sebule yake ilikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, picha ya Moyo Mtakatifu, na chupa ya chai mezani. Tuliketi kwenye kochi, Wabiwa upande huu, mimi upande ule, na Maman Faida akajiweka katikati kwa sababu hapo ndipo alipoona vizuri. Kwenye kioo cha kompyuta akatokea msichana mwenye vifaa masikioni, akajiita Lalao, akasema anatuzungumzia kutoka Antananarivo. Alikuwa na uso uliochoka. Alitutaka tuinue kadi zetu, tukainua. Alitutaka tugeuze nyuso, tukageuza. Akatazama kitu pembeni, akasema mfumo wake bado unaonyesha kufanana kukubwa, na kwamba wapo watu wanaoleta ndugu au rafiki akae tu mbele ya kamera. "Zungumzeni kidogo ninyi kwa ninyi," akasema. "Kwa lugha yenu. Kama kawaida."

Hatukuwa na kawaida tena. Kila mmoja alitazama kadi yake. Nilimwona Lalao akiandika kitu.

"Sema basi," nikamnong'oneza Wabiwa.

"Niseme nini? Mi nalitumika pole pole, nyota kwa nyota, we ukaingia na viatu."

"We njo uliniambia niingie! We njo ulinipatia blauzi!"

"Nilikupatia blauzi, sikukupatia jina langu!"

"Na mi niko na jina yangu! Unafikiri mi nalitaka bale bantu baseme sijue Kiswahili? Unafikiri haikuniuma? Hukuniuliza hata siku moja!"

Wabiwa akanigeukia. Machozi yalikuwa yanamshuka. "Sikukuuliza," akasema kwa sauti ndogo, "juu niliona ukitaka kulia, na mi najua kutafsiri, sijue kubembeleza."

"Munyamaze bote," akasema Maman Faida. Akasogeza uso wake karibu na kamera mpaka Lalao akarudi nyuma kidogo. "Mademwazeli, unisikie. Hawa ni bawili. Wabiwa, mutafsirie." Na Wabiwa, akipangusa pua, akatafsiri kwa Kifaransa chake kizuri, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, ushahidi ambao mwenye nyumba wetu alikuwa akiutoa. "Huyu wa kuume anasema peke yake siku ya Mungu na anaunguza maharagi. Huyu wa kushoto hasemake, anafagia uwanja yangu mbele ya mi kuamuka, anafikiri sijue ni nani anafagiaka. Huyu akicheka, nyumba ya tatu inasikia. Huyu akicheka, mabega tu njo inacheka. Wakati nilikuwa na malaria, mumoja alinipikia mchuzi, mwengine alinisomea Biblia mupaka nikalala, sauti yake ni nzuri sana, na mi naliwaza kumufukuza. Kama nikibafukuza, nitafukuza bawili. Njo vile."

Wabiwa alipofika kwenye yule anayecheka kwa mabega, alisita, kwa maana alikuwa anatafsiri habari zake mwenyewe. Lalao alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nilidhani amekasirika. Alikuwa anacheka, na uchovu ulikuwa umemtoka usoni. Akaanza kusema, "Mesdames, kwa upande wangu mimi..." na kioo kikawa cheusi. Betri ya Maman Faida ilikuwa nzima, televisheni iliwaka tulipoijaribu. Umeme ulikuwa umekatika huko kwao.

Hatukuwa na la kufanya. Maman Faida alitumiminia chai, akauliza kama Antananarivo iko mbali kuliko Kinshasa. Tulirudi chumbani. Wabiwa aliniuliza kama nataka chumvi. Usiku ulipita, na siku nyingine, na hakuna kilichokuja, lakini lile jambo zito lililokuwa kati yetu lilikuwa limebaki pale sebuleni, kwenye kochi, na hakuna aliyerudi kulichukua. Tulizungumza. Nilimweleza juu ya ile nyota moja, jinsi nilivyoisoma nimesimama. Yeye alinieleza kwamba aliogopa kusahauliwa na yule mwanamke wa wakunga, kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwandikia "asante kwa kazi yako" kabla yake. Tulikubaliana kwamba lolote litakalokuja, hatutahama mmoja mmoja.

Ujumbe ulikuja Ijumaa mchana, mvua ikiwa imeanza. Nilikuwa naosha vyombo mlangoni, na Wabiwa akaniita kwa jina langu lote, la ubatizo na la ukoo. Lalao alikuwa ameandika mistari michache. Alituomba radhi kwa umeme wa kwao. Alisema imethibitishwa kwamba sisi ni watu wawili tofauti, na kwamba tungefanya vizuri kubadilisha picha. Chini yake, lango likiwa limefunguka, ulikuwepo ujumbe wa mteja wa Wabiwa uliokuwa umengoja siku zote zile: nimeona umekwama, sijui ni nini, mimi nipo, maliza utakapoweza.

Wabiwa alisoma mpaka mwisho, akaweka mikono juu ya meza, akalaza kichwa juu ya mikono. Niliposogea kumshika bega niliona tayari amelala. Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba siku nitakayopata habari njema nitapiga vigelegele, nitakimbia barabarani, nitampigia dada yangu simu. Nilimsaidia kufika kitandani, nikajilaza ubavuni pake na mikono yangu ingali na povu, mlango wazi, mvua ikipiga mabati, kompyuta ikiwaka mezani. Sikuwa nimelala hivyo tangu nilipofika chumba kile.

Nilishtuka kidogo mvua ilipokatika, watoto wa majirani walipokimbilia mlangoni petu na mpira wao. Kupitia kope nikamwona Maman Faida amesimama kizingitini, ameshika sahani iliyofunikwa. Alituangalia sote wawili, huyu kisha huyu. Akaiweka sahani chini bila kuigonga, akauvuta mlango polepole, na nje nikamsikia akiwaambia kwa ile sauti yake nzito, aliyojitahidi sana kuishusha:

"Muende mucheze kule mbali. Batoto bangu balilala."